Pima kwanza, ndipo utengeneze



Mtu akitaka kusifu kitu kigumu husema: "Hiki ni cha chuma." Lakini kila mwenye gari ajua ya kuwa chuma nacho huliwa. Huliwa na chuma mwenziwe, na vumbi liingialo kati yao, na maji ya mvua yanayoosha grisi. Kila mahali ambapo vipande viwili vyasuguana, hapo vyalika kidogo kidogo, tena bila kelele. Kelele huja mwishoni, wakati hasara imekwisha kuwa kubwa.

Juma hili twataka kusema juu ya kulika kwa viungo vya gari, na hasa namna ya kupima kadiri kiungo kilivyolika, pale kinapofunguliwa ili kitengenezwe upya. Labda wengine watasema: "Hayo ni mambo ya garaji, sisi yatuhusu nini?" Yatuhusu sana. Ni nani kati yetu asiyepanda lori, au kamio kama tusemavyo huku kwetu? Mama apelekaye maharagwe sokoni, mwanafunzi arudiye nyumbani wakati wa likizo, mgonjwa apelekwaye hospitali: wote hukaa juu ya magunia na kumwachia shoferi maisha yao. Kamio hiyo ikiteremka mlima wa Ngomo, katika njia ya Bukavu kwenda Uvira, au ule wa Kabasha upande wa Rutshuru, magurudumu ya mbele hushikwa na pini mbili tu, moja kila upande. Yafaa basi tujue pini hizo ni kitu gani, na fundi azipima namna gani.

*Bawaba ya gurudumu*

Magari makubwa mengi yana ekseli moja ngumu ya mbele, ipitayo toka gurudumu hili hata lile. Kila mwisho wa ekseli una tundu la wima, na ndani yake hukazwa pini nene ya chuma kigumu, isizunguke. Mafundi wetu wa Kongo, kwa kufuata Kifaransa, huiita pivo. Wale wa Kenya na Tanzania husema kingpini. Pini hiyo hutokeza juu na chini ya ekseli. Kipande kinachobeba gurudumu kina mikono miwili, mmoja huishika pini juu, wa pili huishika chini. Shoferi akikata usukani, gurudumu hugeuka juu ya pini kama mlango ugeukavyo juu ya bawaba zake.

Ndani ya kila mkono mmetiwa bushi, yaani bomba fupi linaloizunguka pini. Mara nyingi bushi hufanywa kwa bronzi, nayo bronzi ni mchanganyiko wa shaba na bati, madini mawili tuyajuayo vizuri, maana shaba yachimbwa Katanga, na mawe ya bati yachimbwa Kivu na Maniema. Bushi hufanywa laini kuliko pini kwa makusudi, ili iliwe yenyewe kwanza. Kubadilisha bushi ni kazi ndogo. Kubadilisha ekseli ni kazi kubwa na ya gharama.

*Upande mmoja huliwa kuliko mwingine*

Sasa twafika penye jambo ambalo wengi hawalijui. Wadhani ya kuwa pini hupungua sawasawa pande zote, kama kipande cha sabuni mkononi. Sivyo.

Gurudumu halikai chini ya pini hasa. Hukaa nje kidogo. Mzigo wa gari hukandamiza pini kwenda chini, na ardhi husukuma gurudumu kwenda juu. Kwa hiyo gurudumu lataka kulala: kichwa chake kiingie ndani, na mguu wake utoke nje. Basi mkono wa juu huvutwa kuelekea ndani, na bushi yake huibana pini upande wa nje. Mkono wa chini hufanya kinyume: husukumwa nje, na bushi yake huibana pini upande wa ndani. Ndiyo sababu pini iliyotumika miaka mingi huwa imeliwa upande wa nje huko juu, na upande wa ndani huko chini. Upande wa mbele na wa nyuma huliwa pia, hasa kwa kufunga breki, lakini kwa desturi si kwa kadiri ile.

Mwaka 1953 mtaalamu mmoja wa Uingereza, John Archard, alieleza kanuni ya kulika kwa maneno ya hesabu. Mzigo ukiongezeka mara mbili, chuma kiliwacho chaongezeka mara mbili. Mwendo wa kusuguana ukiongezeka mara mbili, vivyo hivyo. Lakini uso wa chuma ukiwa mgumu zaidi, hulika pungufu. Miaka kumi na mitatu baadaye, mwaka 1966, ripoti moja iliyoandikwa kwa ajili ya serikali ya Uingereza ilitia jina jipya kwa elimu hiyo yote ya kusuguana, kulika na kulainisha: tribolojia, toka neno la Kigiriki lenye maana ya kusugua. Kanuni ya Archard ni ya kukadiria, haiondoi kazi ya kupima. Lakini yatueleza kwa nini kamio inayopakiwa kupita kiasi hula pini zake upesi.

Kumbuka pia ya kuwa ugumu wa pini uko katika ngozi yake tu. Kiwandani uso wa pini hukazwa kwa moto hata uwe mgumu sana, na ndani huachwa laini kidogo ili pini isivunjike kama kioo. Ngozi hiyo ngumu ni nyembamba, yapata milimita moja, pengine pungufu. Ikiisha kuliwa, yaliyo ndani huliwa mbio.

*Jaribio ambalo mwenye gari aweza kulifanya*

Kabla ya kufungua kitu, jaribu kiungo kikiwa mahali pake. Weka vizuizi nyuma na mbele ya magurudumu yatakayobaki chini. Inua ekseli kwa jeki, kisha uiegemeze juu ya gogo imara la mti. Usiamini jeki peke yake, wala mawe yaliyopangwa. Shika gurudumu kwa mikono miwili, mmoja juu, mmoja chini. Sukuma juu na kuvuta chini, kisha ubadili. Kama gurudumu lacheza, kuna nafasi mahali fulani. Lakini wapi? Yaweza kuwa pini na bushi zake, yaweza pia kuwa rulema za gurudumu lenyewe.

Hapo umwombe mwenzio apande na kukanyaga breki kwa nguvu. Breki hulifunga gurudumu na kipande kilichobebwa na pini, viwe kitu kimoja, na rulema hazina tena nafasi ya kucheza. Jaribu mara ya pili. Mchezo ukitoweka, ugonjwa ulikuwa katika rulema. Ukibaki, ugonjwa ni wa pini. Jaribio hilo halidai fedha hata kidogo, nalo laweza kukuepusha kununua pini mpya kumbe rulema ndizo zilizolegea.

Tena mchezo huo wapimika. Tutwae mfano. Tuseme toka bushi ya juu hata bushi ya chini ni milimita 160, na kila bushi imepata nafasi ya robo ya milimita, yaani 0.25. Gurudumu likilala upande huu na ule, bushi ya juu huhama 0.25 huku, na ya chini 0.25 kule, jumla 0.50. Sasa mpira wa gurudumu una kimo cha milimita 800, ambacho ni mara tano ya 160. Kwa hiyo penye mpira mchezo huo waonekana mara tano: milimita mbili na nusu. Penye ukingo wa chuma unaoshika mpira, ambao kimo chake ni kama milimita 400, waonekana nusu yake, yaani 1.25.

Basi, chomeka kijiti katika kopo lililojaa mchanga, ukifunge msumari ncha yake ielekee ukingo wa chuma huko juu. Weka kingine huko chini. Pima penye chuma, si penye mpira, maana mpira hubonyea. Gurudumu likichezeshwa, utaona kwa rula ya shule ni kiasi gani linahama juu na chini. Jumlisha hesabu hizo mbili. Fundi mwenye vyombo atatumia kipimo chenye uso kama wa saa, ambacho mshale wake huonyesha sehemu moja ya mia ya milimita. Lakini akili ya kazi ni ile ile.

*Kiungo kikiisha kufunguliwa*

Mtu akiitoa pini na kuifuta mafuta, mara nyingi huiona yang'aa. Naye husema: "Hii bado nzima." Kung'aa si ushahidi. Pini hung'aa kwa sababu inasuguliwa, na kusuguliwa ndiko kulikoila. Hata kidole chadanganya, maana chapita juu ya mteremko mwembamba bila kuhisi kitu. Unywele wa mtu una unene wa sehemu chache za mia za milimita, mara nyingi kati ya 0.05 na 0.10, je, jicho laweza kuona kama pini imepungua unene wa unywele mmoja? Hapo ndipo kipimo chahitajika.

Kipimo cha kwanza ni kile cha midomo miwili inayoteleza. Mistari yake midogo ya pili, ionyeshayo vipande vya milimita, ilibuniwa na Pierre Vernier, mtu wa Ornans katika Ufaransa ya leo, aliyeitangaza katika kitabu kilichochapwa Bruxelles mwaka 1631. Kipimo hicho chafaa kwa kazi nyingi, lakini kwa pini hakitoshi, maana vingi vya namna hiyo husoma sehemu moja ya ishirini au ya hamsini ya milimita, tena midomo yake hulegea ikizeeka.

Kipimo cha pili ndicho hasa cha kazi hii. Wengine hukiita mikromita. Mafundi waliosoma kwa Kifaransa hukiita palmeri, kwa jina la Jean Laurent Palmer, aliyekipatia hati yake ya ubunifu Ufaransa mwaka 1848. Akili yake ni parafujo. Katika palmeri ya kawaida, parafujo ikizungushwa mara moja, mdomo husogea nusu ya milimita. Mzunguko huo umegawanywa kwa mistari 50. Kwa hiyo kila mstari ni 0.50 kugawanya kwa 50, ndiyo 0.01. Mtoto wa darasa la sita aweza kuisoma, akifundishwa kwa uvumilivu.

Lakini palmeri nayo yataka heshima zake. Kwanza, osha pini kwa mafuta ya taa na kuifuta, maana vumbi kidogo lahesabiwa kama chuma. Pili, funga palmeri tupu uone kama yasoma sifuri. Isiposoma sifuri, irekebishwe kwanza. Tatu, izungushe kwa kile kitufe cha mwisho kinacholia "tik, tik", si kwa nguvu za mkono, ili kila mtu aibane kwa kadiri moja. Nne, usipime chuma kilichotoka juani. Chuma hurefuka kwa joto: pini ya milimita 30, ikizidi joto la kipimo kwa digrii 30, huvimba sehemu moja ya mia ya milimita. Ndiyo sababu wenye elimu ya vipimo walikubaliana mwaka 1931 ya kuwa urefu wa vitu vya namna hii uhesabiwe katika joto la digrii 20. Huku kwetu si rahisi kupata digrii 20 kila saa. Lakini ni rahisi kuweka pini na palmeri kivulini, juu ya meza moja, kwa saa nzima.

*Shahidi wa katikati*

Basi upime wapi? Anza katikati ya pini. Mle ndani ya ekseli pini imekazwa, haigeuki, hailiki. Hapo patakuambia pini ilikuwa na unene gani ilipokuwa mpya. Hata ukikosa kitabu cha kiwanda, shahidi huyo yupo. Lakini ukiona katikati nako kumekwaruzwa, ujue ya kuwa pini ilikuwa imelegea ndani ya ekseli, na tundu la ekseli lenyewe lapaswa kupimwa.

Kisha pima huko juu na huko chini, penye bushi. Kila mahali upime mara mbili: mara moja kwa kuelekea mbele na nyuma ya gari, mara moja kwa kuelekea ndani na nje. Weka alama kwenye pini kabla ya kuitoa, ili usisahau upande upi ulikuwa wapi. Bushi nayo ipimwe hivyo hivyo kwa kipimo cha ndani ya tundu.

Turudie mfano wetu. Katikati ya pini palmeri yasoma 30.00. Huko juu, mbele na nyuma, yasoma 29.96, ndani na nje yasoma 29.88. Bushi ya juu yasoma 30.04 kwa njia ya kwanza, na 30.13 kwa njia ya pili. Toa hesabu. Kwa njia ya kwanza nafasi ni 30.04 kutoa 29.96, yaani 0.08. Kwa njia ya pili ni 30.13 kutoa 29.88, yaani 0.25. Yule aliyepima njia moja tu atasema nafasi ni 0.08, naye hasemi uongo kuhusu alilolipima. Lakini ameliacha lile lililo kubwa. Gari litatoka garajini likiwa na mchezo ule ule lililoingia nao.

Je, nafasi gani yaruhusiwa? Kila kiwanda huandika kipimo chake katika kitabu cha gari. Kwa pini mpya katika bushi mpya, ni sehemu chache tu za mia. Fundi asiyekuwa na kitabu aombe au anakili hesabu hizo kwa mwenziwe, azibandike ukutani. Asizitunge kichwani.

*Kuamua*

Hesabu zikiisha kuandikwa, uamuzi huja wenyewe. Kama pini haijapungua ila bushi tu ndizo zimeliwa, badilisha bushi. Kama pini imepita kiasi, badilisha pini na bushi pamoja, maana bushi mpya juu ya pini iliyoliwa upande mmoja itakuwa imebana huku na kulegea huku, nayo haitadumu. Kama tundu la ekseli limepanuka, pini mpya peke yake ni kutupa fedha.

Zipo njia za mkato zinazojulikana barabarani. Mmoja hukata bati la kopo, akalizungushia pini ili nafasi ipotee. Siku mbili tatu usukani hukaza, kisha bati hupasuka, vipande vyake huziba njia ya grisi, na pini hulika mara mbili. Mwingine hujaza pini kwa kulehemu, kisha huisawazisha kwa tupa. Lakini moto wa kulehemu huharibu ile ngozi ngumu, na tupa haiwezi kuufanya mviringo kamili. Pini ya namna hiyo yaweza kupasuka, nayo haitachagua kupasuka mahali pa tambarare.

Bushi mpya zikiisha kutiwa, mambo matatu yaangaliwe. Tundu la bushi lielekeane na tundu la kutilia grisi. Likikosea, grisi haiingii kamwe, hata ukipiga pampu siku nzima. Bushi ya juu na ya chini zichongwe kwa chombo kirefu kinachopita zote mbili kwa mara moja, ili zikae katika mstari mmoja. Mwisho, gurudumu lijaribiwe tena kama tulivyoeleza, na hesabu mpya iandikwe kando ya ile ya zamani.

*Kila kipimo kina upofu wake*

Tusidhani ya kuwa palmeri yaona kila kitu. Tutazame kiungo kingine, kadani, kinachopeleka nguvu ya mashine nyuma kwenye magurudumu. Jina lake latoka kwa Girolamo Cardano, mwanachuoni wa Italia aliyeishi toka 1501 hata 1576. Ndani yake mna kipande cha chuma chenye miguu minne kama msalaba, na kila mguu umevikwa kikombe kilichojaa sindano nyembamba za chuma zinazobingirika.

Gari likienda, sindano hizo hazizunguki mguu wote. Husogea mbele na nyuma kidogo tu, mahali pale pale. Grisi ikiisha, kila sindano huchimba mfereji wake. Mafundi huita alama hizo brineli, kwa ukumbusho wa Johan August Brinell wa Uswidi, ambaye mwaka 1900 alionyesha namna ya kujua ugumu wa chuma kwa kukikandamiza kwa gololi na kupima alama inayobaki.

Sasa, ukiupima mguu huo kwa palmeri, midomo yake bapa hukaa juu ya vilima vilivyobaki, haishuki ndani ya mifereji. Palmeri husoma vizuri, kumbe mguu umeharibika. Hapa ukucha ni bora: upitishe taratibu kuuzunguka mguu. Ukikwama katika mifereji, hata midogo, kipande hicho kisirudishwe. Ndiyo maana fundi mwenye akili hujiuliza kwanza: "Chuma hiki huliwa kwa namna gani?" kisha huchagua chombo. Pale ulaji ulipo mpana na laini, palmeri. Pale ulipo wa mifereji, ukucha na jicho lenye kioo cha kukuza.

*Mali bila daftari*

Wazee husema: mali bila daftari hupotea bila habari. Maneno hayo yafaa kabisa kwa viungo vya gari. Kipimo kimoja chaonyesha hali ya leo. Vipimo viwili vyaonyesha mwendo. Tuseme nafasi ya pini ilikuwa 0.06 mwezi wa kwanza, na baada ya kilometa 10,000 ni 0.09. Imeongezeka 0.03. Baada ya kilometa 10,000 nyingine imekuwa 0.12. Ulaji waenda sawasawa, nawe waweza kukadiria lini utafika kikomo na kuweka fedha akiba. Lakini ikiruka toka 0.09 hata 0.20, ujue pana jambo jipya: grisi haiingii, au gari limepakiwa kupita nguvu zake, au ile ngozi ngumu imeisha. Usingoje kilometa 10,000 za tatu.

Daftari hilo lina faida nyingine, nayo ni amani kati ya mwenye gari na fundi. Familia nyingi za kwetu zilinunua kamio kwa jasho la miaka mingi: ng'ombe waliouzwa, mashamba yaliyowekwa rehani, michango ya ndugu. Fundi akisema, "Badilisheni vyote," mwenye gari hudhani anaibiwa. Fundi akisema, "Bado nzima," abiria hawajui kama amesema kweli au amechoka. Lakini akiweka mezani pini, palmeri na karatasi yenye hesabu, hakuna haja ya kubishana. Mwenye gari asome mwenyewe. Asiyejua kusoma palmeri amwite mtoto wake aliye shuleni.

Kwa hiyo, wazazi mlio na kijana garajini ajifunzaye kazi, twawashauri neno moja. Kijana huyo hutamani kwanza funguo kubwa na nguo ya mafundi. Mnunulieni palmeri mapema, hata kama ni ya mkono wa pili, mradi isome sifuri ikifungwa. Mfundisheni kuitunza katika sanduku lake, mbali na nyundo. Na nyinyi mnaosafiri, msione haya kumwuliza shoferi kabla ya kuteremka mlima: "Pini za mbele zilipimwa lini?" Asipojibu, yafaa kungoja kamio nyingine, hata kama magunia yamekwisha kupakiwa.

Juma lijalo tutasema juu ya grisi: namna zake, na kwa nini ile ya rulema si lazima ifae kwa pini.